Mbuke na Maji ya Lambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbuke alijitwika mtungi akafuata njia ya kisimani. Kisima kilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya pamba, na kamba yake ilichubua viganja. Njiani alipita kando ya lambo, yaani bwawa lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Maji yake yalikuwa karibu na nyumbani, yametulia tuli. Lakini Mbuke hakusimama, kwa sababu Bwana Afya alikuwa amekataza watu wasiyaguse.

Bwana Afya huyo aliitwa Theonest. Alifika kijijini kwao, kusini mwa Geita, mwaka 1952, akiwa na wasaidizi na hema kubwa. Walikaa tangu mavuno hadi mvua zilipoanza. Walipima mkojo wa watu wote, wakawadunga sindano waliokuwa na kichocho, wakasimamia uchimbaji wa vyoo na kisima, na kuzungushia lambo ua wa miiba. Mbuke naye alidungwa. Sindano zile zilimtapisha na kumtia kizunguzungu, hata akawa analia akiliona hema tu. Lakini alipona.

Kisha hema liling'olewa, na Bwana Theonest akaondoka. Kwa muda watu walishika yale waliyofundishwa. Baadaye paa la choo cha jirani lilianguka, wala hakuliezeka tena. Ng'ombe walitoboa ua wa miiba na hakuna aliyeuziba. Siku moja mama yake Mbuke, mwenye rundo la nguo chafu na mtoto mchanga mgongoni, alichoka.

"Twende tukafulie lamboni," alisema. "Ugonjwa umekwisha, na Bwana Afya kaenda zake."

Tangu siku hiyo wakawa wanafulia huko. Mbuke alifurahi. Alisimama majini hadi magotini akisuuza nguo, na rafiki yake Justa akimrushia maji usoni. Njia ya kisimani ikaanza kuota nyasi.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, Mbuke alikwenda kujisaidia asubuhi moja akahisi maumivu makali. Alipotazama chini, aliona damu. Alifukia mahali pale kwa mguu haraka haraka, akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona.

Aliijua damu ile. Baba yake mdogo, Januari, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu. Alikojoa damu miaka mingi na kuificha, mpaka nguvu zikamwishia akarudishwa nyumbani. Kila baba huyo alipokwenda kujisaidia, Mbuke aliisikia sauti yake, sauti ya mtu mzima anayelia. Alikufa kabla hema la Bwana Afya halijafika.

"Na mimi nitakufa hivyo hivyo," Mbuke aliwaza.

Hakumwambia mtu. Aliogopa kufa, aliogopa sindano, tena aliogopa kumwambia mama yake kwamba maji aliyomwongoza kuingia ndiyo yaliyomdhuru. Akabuni njia yake mwenyewe: asipokunywa maji hatakojoa, na asipokojoa hataiona damu. Akaanza kuumwaga uji wake kwa kuku na kupita mtungi bila kuutazama.

"Mbona hunywi maji?" Justa alimwuliza shuleni, saa ya mapumziko. "Midomo yako imepasuka."

"Sina kiu."

"Au unaumwa kama mimi?" Justa alinong'ona.

Mbuke alimtazama rafiki yake. Alitaka kumwuliza anaumwa nini, lakini alilihofia jibu. Aliondoka akaenda kukaa peke yake nyuma ya darasa. Maumivu hayakupungua. Kila alipokwenda chooni alijihisi kama anachomwa moto, na kile kidogo kilichotoka kilikuwa chekundu zaidi.

Jumamosi moja walikuwa shambani wakichuma pamba, jua likiwaka. Mbuke aliona mipamba inayumba kama iliyopigwa na upepo, na upepo haukuwapo. Akaanguka kifudifudi.

"Ng'wanone! Mwanangu!" mama yake alipiga ukelele. Alipomwinua aliona gauni limelowa, na mkojo uliolilowesha ulikuwa na damu. Naye aliijua damu ile.

Baba yake, Maige, alimpakia nyuma ya baiskeli akamfunga kwa kanga ili asidondoke. Mama alifuata mbio na mtoto mgongoni. Dispensari ilikuwa mbali, na njia imejaa mchanga. Mara kwa mara Maige alishuka akasukuma baiskeli, jasho likimtiririka.

"Baba," Mbuke aliuliza kwa sauti ndogo, "nitakufa kama baba mdogo Januari?"

Maige alizidi kusukuma baiskeli. Mbuke aliona mabega ya baba yake yanatikisika, na hofu ikamshika kuliko wakati wowote.

Kwenye dispensari walimkuta Bwana Theonest, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mganga wa hapo. Hakuuliza mengi. Alimpa Mbuke maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo, kisha akaupima mkojo wake kwa darubini.

"Kichocho kimerudi," alisema. "Na kwa kukosa maji mwilini, figo zake zilikuwa hatarini. Mmewahi. Atapona."

Mama aliketi chini akajifunika uso. "Ni mimi, Bwana. Mimi ndiye niliyempeleka kufua lamboni. Nilidhani ugonjwa umekwisha."

"Mayu, mama yangu," Mbuke alisema akilia, "mimi nami nilificha. Na Justa pia anaumwa, nadhani."

Bwana Theonest alivuta kigoda akaketi karibu nao. "Kuficha kumekutesa, mwanangu, lakini sasa umesema, na umemsaidia mwenzako. Sikilizeni. Sindano inaua minyoo iliyomo mwilini siku ile. Haibaki humo kukulinda. Mtu mwenye kichocho akikojoa kando ya lambo, konokono wanaupata ugonjwa, nao wanauachia majini. Unapoingia majini, ugonjwa unapenya kwenye ngozi yako. Mimi nilikaa kwenu msimu mmoja. Konokono wapo mwaka mzima."

Mama naye alipimwa, akakutwa nacho. Wote wawili walidungwa, na Mbuke akatapika kama zamani. Safari hii mama yake alikuwa kando yake, akitapika vilevile, wameshikana mikono.

Waliporudi, Maige alikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, akaeleza yote hadharani bila kuona haya. Justa na watoto wengine wengi walipelekwa dispensari. Ua wa miiba ukajengwa upya, na wanaume wakaezeka vyoo. Njia ya kisimani ilifyekwa. Mama yake Mbuke akawa wa kwanza kuipita kila asubuhi, hata siku za mvua alipoteleza na kuvunja mtungi.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata walirudi kupimwa. Mbuke alisimama amekunja vidole vyake, akimtazama Bwana Theonest akiinamia darubini. Hatimaye Bwana Theonest aliinua kichwa.

"Ni safi," alisema.

"Basi nimepona kabisa?" Mbuke aliuliza.

"Umepona. Dawa imefanya kazi yake. Kubaki mzima ni kazi yako, na kazi hiyo haina sindano. Mwaka ule mlichimba vyoo na kwenda kisimani kwa sababu mimi nilikuwa nikiwaangalia. Nilipoondoka, mkaacha. Tabia njema si ya kumfurahisha Bwana Afya, Mbuke. Ni yako. Ishike hata siku ambayo hakuna anayekuona, hata ukiwa umechoka, hata ugonjwa ukiwa umesahaulika kijiji kizima."