Changarawe ya Kufika Mlangoni

Asubuhi hiyo Verediana alikuwa uani kwake, Ruhuwiko. Alikuwa akianika juu ya turubai mahindi aliyoyaosha ili ayapeleke mashine. Mara simu ikalia. Alikuwa mumewe, Rupert, akipiga kutoka hospitali ya Peramiho, alikolazwa kwa kuvunjika mguu.

"Mama Evaline, wameniruhusu. Jumamosi narudi."

"Ee Mungu wangu, asante!"

"Usishukuru bado. Gari litafika mlangoni?"

Verediana aliitazama njia. Kutoka barabarani hadi mlangoni, udongo mwekundu ulikuwa umelowa chapachapa. Siku Rupert alipovunjika mguu, bajaji iliyokuja kumchukua ilizama hapo hapo. Vijana wakambeba kwa blanketi, mtaa mzima ukitazama. Na yeye ni seremala, mtu wa kubeba mbao, si wa kubebwa.

"Lisipofika mlangoni, nakaa huku kwa dada yangu mpaka kiangazi," Rupert alisema. "Sibebwi tena kama kiroba cha mbolea."

"Litafika, baba," Verediana alijibu. Lakini hakuwa na hakika.

Maana alikwisha kujaribu, akashindwa. Wiki iliyopita aliagiza changarawe tripu moja ya lori. Mtaani kwao ndivyo watu walivyoagiza. Jirani akisema tripu moja imemtosha, nawe unaagiza tripu moja. Ilipomwagwa, ilionekana mlima. Alipoitandaza juu ya tope, haikufika hata kwenye mpapai ulio katikati ya njia. Kisha mvua ikanyesha, tope likaimeza yote.

Alikuwa bado ameshika simu pale jirani yake Sabra alipopita. Sabra ni mzaliwa wa Tunduru. Kwa miaka mingi alisimamia vikundi vya kutengeneza barabara za mitaa.

"Hodi! Mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa?"

Verediana akamweleza yote. "Sasa niambie, ndugu yangu. Niagize tripu ngapi?"

"Tripu si kipimo. Lori moja dogo, jingine kubwa. Jingine linakuja limejaa nusu, nawe unaliita tripu. Umepima njia?"

"Urefu naujua. Upana naujua."

"Na unene?"

"Unene wa nini tena?"

Sabra akaonyesha mahindi. "Debe moja linaenea turubai lote hilo?"

"Inategemea. Nikiyatandaza membamba, linaenea. Nikiyarundika, hata nusu halifiki."

"Basi umeshajijibu mwenyewe."

Verediana akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliingia ndani, akatoka na tepu ya Rupert ya kupimia mbao. Wakapima njia pamoja. Urefu ulikuwa meta ishirini. Upana, meta tatu.

"Kila meta moja ya urefu ina viraba vitatu vya upana," Sabra alisema. "Kila kiraba ni meta moja huku na meta moja huku. Meta ishirini zina viraba vingapi?"

Verediana akahesabu kwa vidole. "Sitini."

"Vizuri. Lete mianzi na kamba."

Sabra alichimbia mianzi minne, mmoja kila pembe. Kutoka mwanzi hadi mwanzi, meta moja. Kwenda juu, meta moja. Akazungusha kamba chini na juu. Likawa sanduku lisilo na kuta, ndani yake upepo tu.

"Changarawe ya kujaza humu ndiyo meta moja ya ujazo," alisema. "Sasa likate kwa mawazo yako, kama mkate. Kila kipande kiwe na unene wa sentimeta kumi. Utapata vipande vingapi?"

"Kumi."

"Kila kipande kinafunika kiraba kimoja cha njia."

Verediana alirudi nyuma hatua moja. Akalitazama sanduku, akaitazama njia. Ghafla aliona vile vipande vikitoka mle kimoja kimoja, vikilala juu ya udongo kama mikeka. Kumi, halafu kumi nyingine, mpaka kwenye mpapai, mpaka kizingitini.

"Masanduku sita," alinong'ona. "Sabra! Yanatosha sita!"

"Sita, na moja la kuongeza. Changarawe ikishindiliwa hushuka. Saba, inshallah. Lakini kwanza tope liondoke. Ukimwaga juu ya tope, unalilisha tope."

Siku mbili zilizofuata walikwangua tope hadi udongo mgumu. Wakachimba mfereji pembeni ili maji yapite.

Ijumaa dereva Ramson akaja na lori lake, changarawe imejaa mpaka ukingoni. Kabla hajamwaga, Verediana alipima bodi, sehemu ya lori inayobeba mzigo, kwa tepu.

"Mama, siku hizi lori linapimwa kama gauni?" Ramson alimtania.

"Gauni likibana, fundi analifumua. Hii ukishamwaga, utaizoa?"

Bodi ilikuwa na urefu wa meta tatu na nusu, upana wa meta mbili, na kina cha nusu meta. Sabra akapiga hesabu: meta za ujazo tatu na nusu.

"Basi ulete mara mbili, pamoja na hii," Verediana alimwambia Ramson, "na zote zijae hivi hivi."

Walitandaza, wakashindilia. Jioni Verediana akamwaga koleo la mwisho mbele ya kizingiti, akageuka kutafuta changarawe nyingine. Haikuwepo. Na pa kuiweka hapakuwepo.

"Alhamdulillahi," alisema Sabra, akijifuta jasho.

Verediana akafanya ishara ya msalaba, kama mtu aliye kanisani.

Usiku mvua kubwa ikanyesha. Jumamosi gari likakunja kutoka barabarani. Changarawe ikalia chini ya matairi, gari likaja taratibu mpaka mlangoni. Rupert alifungua mlango mwenyewe.

"Asinishike mtu," alisema.

Akashusha magongo yake mawili, akasimama. Akageuka kuitazama njia yote hadi barabarani.

"Mama Evaline, ulijuaje kwamba itafika?"

Verediana akamwonyesha mianzi minne uani. "Ilikuwa mle ndani, baba. Yote. Kabla lori halijaja."

Rupert alikongoja hadi pale. Akalitazama sanduku tupu. Kisha akaingiza gongo lake ndani, polepole, kama mtu anayepima kina cha maji.