Alama Nyekundu Nilizozizima

Kila Jumatano baada ya masomo, mimi na rafiki yangu Kidole tulikwenda kwenye karakana ya shangazi yangu, fundi wa redio. Alitufundisha kuchora kwa kompyuta bodi za saketi, vibao vyenye njia za shaba za kupitisha umeme. Mimi nilichora, Kidole, mwenye mkono mtulivu kweli kweli, alilehemu. Tulikuwa tunatengeneza kengele ya kulia tangi la maji linapojaa, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi.

Siku ya kutuma mchoro kiwandani ili bodi zitengenezwe, programu ilijaa alama nyekundu: njia za shaba zimekaribiana mno. Jamani, alama kumi na nne! Uvivu ukanishika. Nikazima ukaguzi wa programu, skrini ikawa safi.

"Umekagua?" shangazi akauliza.

"Nimekagua, shangazi," nikajibu bila hata kupepesa macho.

Bodi zilifika wiki tatu baadaye, siku mbili kabla ya maonyesho. Kidole alilehemu ya kwanza, akawasha umeme. Moshi! Ya pili, moshi tena. Vipuri vikatuishia.

"Lehemu imekumwagikia, imeunganisha njia," shangazi akamfokea. "Umetuharibia kazi!"

 Kidole aliitazama mikono yake tu. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza kimya. Siku ya maonyesho meza yetu ilikaa tupu.

Jumatano iliyofuata Kidole alikuja kurudisha pasi ya kulehemu aliyoazimwa.

"Silehemu tena," alisema. "Mikono yangu haifai."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikalia, nikasema yote.

Shangazi alichukua lenzi na bodi moja, akaona njia mbili zimegusana chini ya rangi ya bodi. Akazikwangua kwa kisu mpaka zikaachana.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia Kidole. "Nilikulaumu kabla ya kuangalia."

Alichomoa vipuri kwenye redio mbovu, akamwomba Kidole avilehemu. Kidole alikubali shingo upande, akikagua kila tone la lehemu mara mbili. Kengele ikalia vizuri. Hakuna aliyeshangilia.

Shangazi akanigeukia. "Bodi nimeikwangua, imepona. Lakini mwenzako ameacha kujiamini kwa sababu yako, na kwa hilo mimi sina kisu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nisamehe, Kidole," nikasema.

Kidole alibeba mkoba wake, akaondoka bila kuniaga.