Nilimwambia Nimemwekea Kamuti, Akafa

Kufuli ililia kwa nje. Kach.

Nilikuwa katikati ya magunia ya mahindi, na nguo za kilio mwilini. Mume wangu alikuwa na siku mbili mochari, na aliyenifungia ni ndugu yake wa damu, Kiema.

"Utatoka ukisema ulimpea nini," akasema kwa dirisha.

Wapendwa, mdomo wangu ndio ulinifunga.

Mimi ni Kalunde. Nimezaliwa Zombe, Kitui, nikaolewa Kilungu huku Makueni. Mnajua vile sisi wa Kitui tunasingiziwa kamuti, ile dawa ya kufunga mume. Mimi nilifanya ni kichekesho. Kila nikimpakulia mume wangu Mbithi muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, namwambia mbele ya watu, "Kula, Baba Kasiva, leo nimekuwekea kamuti mara mbili."

Jumapili nilisema hivyo ukoo wote ukisikia. Jumatatu alishindwa kupumua, akaaga.

Nani angeniamini?

Siku tisa kwa ile stoo... Mama mkwe ananiletea chakula, hanitazami. Kasiva wangu ananiita uani, anakatazwa. Ukoo ulikuwa umeapa: ikipatikana sumu, narudi Zombe bila mtoto.

Kiema ndiye alilazimisha maiti ipasuliwe. Sumu haikuonekana, ila mapafu yalikuwa mazito kama sponji iliyolowa. Pua ikapimwa virusi, hakuna, tumechelewa, siku zimepita vimeshatoweka. Kiema akasema basi hiyo ndiyo kamuti yenyewe.

Daktari akaitisha damu. Damu mbili: ya maiti, na kichupa cha ile Mbithi alichangia kanisani mwezi uliopita, bado kiko kwa friji ya hospitali. Akatafuta kingamwili, wale askari damu hutengeneza ugonjwa ukiingia. Ya kanisani, askari wa influenza, ile homa kali ya mafua, hakuna. Ya maiti, jeshi zima!

Siku ya kumi nikafunguliwa. Ukoo umekaa uani, daktari amesimama na karatasi.

"Ni influenza," akasema. "Huyu mama hana makosa."

Kiema akanipea mkono, ananiita shemeji tena. Kasiva akanirukia. Nikaanza hata kutafuta mzaha wa kusema.

Ndio daktari akaongeza, "Lakini jeshi kama hilo halitengenezwi kwa siku moja. Aliugua kama wiki mbili. Hakuwa anakohoa?"

Alikuwa anakohoa.

Na siku aliyoniambia anataka kwenda hospitali, niliita majirani waje waone mwanaume mzima amelazwa na mafua. Wakacheka. Yeye pia akacheka, akachukua jembe akaenda shamba.

Nilimwangalia daktari.

"Si sana," nikasema.

Huku Kilungu hadi leo wanajua sina hatia. Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Mtu wako akisema anaumwa, usimtafutie kicheko. Mpeleke.

Kufuli ya stoo ilifunguliwa kitambo. Hii ingine ya moyoni, bado.