Mchango Uliovaliwa Miguuni

Kila siku baada ya shule, binamu wawili walijifungia katika chumba cha nyuma cha shangazi yao, fundi cherehani. Majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini yalizuia kelele za barabarani, na humo ndimo walimorekodi podikasti yao, kipindi cha hadithi ambacho watu walikisikiliza kwenye simu. Mkubwa, aliyeitwa Kasuku kwa sababu ya maneno mengi, alisimulia. Mdogo, Sikio, aliona haya kusema. Yeye alitengeneza milio. Alipomwaga mchele kwenye sinia, mvua ilinyesha. Alipogonga vikopo viwili, punda alipita. Kisha aliketi kwenye kompyuta kuukuu ya shangazi, akikata makosa na kuunganisha sauti.

Mwisho wa kila kipindi Kasuku aliomba, "Wapenzi wasikilizaji, kinasa sauti chetu kinakoroma kama babu. Haba na haba hujaza kibaba. Tuchangieni!" Namba aliyotaja ilikuwa ya simu yake.

"Wametuma?" Sikio aliuliza kila wiki.

"Atume nani? Watu wana mkono wa birika."

Ijumaa moja walirekodi hadithi ya mafuriko. Walipomaliza, Sikio alitoka kuosha sinia. Kasuku akasahau kuzima kinasa sauti.

Kesho yake Sikio alikuwa akikata mwisho wa rekodi aliposikia kicheko cha rafiki wa Kasuku.

"Makubwa! Viatu vipya hivyo umevitoa wapi?"

"Michango, shoga yangu. Wametuma mara sita. Hata fundi viatu wa pale kona katuma!"

"Na Sikio umempa ngapi?"

"Yule? Abonyeze tu vitufe vyake. Nani anamsikiliza yeye?"

Sikio alirudisha nyuma akasikiliza tena, akiomba awe amekosea. Hakukosea. Miezi mitano alikuwa amekaa kwenye kiti kile huku wenzake wakicheza, na alidhani wanajenga kitu cha watu wawili. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kurusha kipindi. Angebonyeza, wasikilizaji wote wangemsikia Kasuku kwa kinywa chake mwenyewe. Alikiondoa kidole. Badala yake alifuta milio yake yote, akamwita binamu yake na kumvalisha visikizio.

Kasuku alikunja uso. "Mbona mafuriko hayana maji?"

"Maji ni yangu, nimeyatoa. Endelea kusikiliza."

Kasuku aliendelea. Taratibu uso wake ulisawijika.

"Umenipeleleza!"

"Wewe ndiye uliyesahau kuzima."

"Lakini watu wanapenda sauti yangu!"

"Basi kaa nayo," Sikio alisema, na machozi yakamtoka.

Cherehani ilinyamaza katika chumba cha mbele. Shangazi aliingia, futi ikining'inia shingoni. Alisikiliza rekodi mpaka mwisho, kisha akamtazama Kasuku miguuni.

"Fundi viatu alitoa mchango ili watoto wanunue kinasa sauti. Akija kukiulizia, utamnyanyulia mguu?"

Kasuku aliinama. "Nisamehe, shangazi."

"Usiniombe mimi msamaha. Sikuumia mimi."

Siku hiyohiyo viatu vilirudishwa dukani, kwa bahati vikiwa havijachafuka. Fedha zikanunua kinasa sauti. Katika kipindi kilichofuata, Kasuku alitaja kila aliyechanga, akaeleza alichokuwa amekifanya, kisha akasema, "Na mvua zote mlizowahi kusikia humu zilinyeshwa na binamu yangu." Walikubaliana kwamba tangu siku hiyo kila mchango utatangazwa: nusu ya vifaa, na nusu inayobaki wagawane sawasawa.

"Yamekwisha, basi?" Kasuku aliuliza huku akimwangalia Sikio, ambaye alikuwa akikunja nyaya.

"Ya fedha yamekwisha," shangazi alijibu kutoka mlangoni. "Mkifanya kazi pamoja, pato ni la wote, na anayekuchangia ana haki ya kujua mchango wake umekwenda wapi. Kumbuka pia, mwanangu, viatu vilirudi dukani kwa sababu vilikuwa na risiti. Imani ya mwenzako haina risiti. Hiyo utairudisha kwa matendo, siku baada ya siku, na usimharakishe."