Simu Iliyotolewa Betri

Haya yalimkuta shoga yangu mmoja, fundi cherehani, naye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Bintiye wa miaka tisa alikuwa akicheza mchezo kwenye simu, na humo mtu asiyemjua akaanza kumwomba picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa. Mama mtu akaripoti kwa kampuni yenye mchezo huo, akaripoti tena na tena, jibu likawa lile lile: "Hatujaona kosa." Polisi nao wakamtaka alete jina kamili la mtu huyo.

"Jina nalitoa wapi, jamani?" alifoka, akaibeba simu hadi kwa fundi simu. "Futa kila kitu, kaka. Nimechoka!"

Fundi akaizima, akachomoa betri. Mara umeme ukakatika. Kibanda chake hakikuwa na dirisha, na usiku ulishaingia. Giza likawa totoro, feni ikavuma kwa unyonge mpaka ikanyamaza. Ndipo simu pale mezani ikahema, na sauti ya kiume ikanong'ona taratibu, "Nipe Tunu."

"Tunu ndiye nani, dada?" fundi akauliza.

Tunu ndilo jina shoga yangu alilomwita bintiye alipokuwa tumboni, kimoyomoyo, bila kumwambia mtu yeyote.