Kompyuta ya Mume wa Shangazi

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, na mambo ya mizimu huyacheka. Mchana mmoja shangazi yake alimwita: kompyuta ya marehemu mumewe ilikuwa ikichukua nusu saa kuwaka. Chumbani giza tupu, mapazia hayajafunguliwa tangu msiba. Fundi akazima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Wapi! Akachomoa waya wa umeme, akatoa diski iliyochoka ili aweke mpya, akaenda kumwonyesha shangazi sebuleni.

“Ugonjwa ndio huu, shangazi.”

Kule chumbani kibodi ikaanza kulia. Ta. Ta. Polepole.

“Vidole viwili,” shangazi akanong'ona. “Ndivyo alivyokuwa akiandika.”

Fundi alitaka kukimbia. Diski ikaanza kunguruma mkononi mwake, ikapata moto.