Uzi wa Kijani

Kila siku, basi la skuli lilipowashusha Shahad na dada yake Manal mbele ya nyumba yao, mtaa wa Mawaleh, kulikuwa na mashindano ya kula. Si kwa sababu ya njaa. Aliyemaliza wali wake mwanzo ndiye aliyekamata kitabu mwanzo, na kitabu kilikuwa kimoja tu. Baba yao, Sinan, alilisema hilo wazi siku alipowapeleka kwenye maonyesho ya vitabu: "Riwaya moja, wasomaji wawili. Mkigombana nampa jirani."

Hawakugombana, maana walikuwa na sheria yao. Kila mmoja alikuwa na uzi wake wa kutilia alama, Manal wa buluu, Shahad mwekundu, na ilikuwa marufuku kumpita mwenzako zaidi ya sura moja. Pembeni mwa kurasa waliandikiana kwa penseli: "Huyu ami yake muongo, nakwambia!" Au, "Hapa nimelia, usinicheke." Manal alikuwa na miaka kumi na mitano, Shahad kumi na miwili, na kwa Shahad hakukuwa na raha duniani iliyoshinda kuyakuta maneno ya dada yake yakimsubiri.

Basi Jumatatu moja akaifungua riwaya yao mpya ya Kiarabu, ya msichana Raghad anayemtafuta kaka yake milimani, akakuta uzi wa tatu. Wa kijani! Ulikuwa ukurasa mmoja na uzi wa buluu, sura tatu nzima mbele ya uzi wake mwekundu. Na pembeni mwa kurasa hizo, penseli ya Manal haikuandika hata herufi.

Nani huyu? Hakujiuliza mara mbili. Shurooq, binti ami yao wa nyumba ya tatu! Si ndiye ambaye siku hizi Manal habanduki kwake?

"Dada, mbona umenipita?" akauliza.

Manal akababaika. "Nlikuwa na haraka. Nitakueleza, si leo."

Hakueleza kesho wala keshokutwa. Kila alasiri Shahad alikwenda chuoni kusoma Qur'ani, na akirudi alikuta nyuzi mbili zimesogea pamoja kama mashoga walioshikana mikono, na uzi wake uko nyuma peke yake. Wivu ukamkaba. Alimwonea wivu Shurooq kwa kicheko chake, kwa nywele zake, hata kwa viatu vyake. Kitabu chetu, alisema moyoni. Dada yangu.

Alhamisi, Manal alipokuwa anaoga, Shahad alikichukua kitabu, akaingia stoo, akafungua gunia la papa mkavu na kukizika katikati ya vipande vya papa. Nani atatafuta riwaya ndani ya papa? Akanawa mikono mara tatu, akaenda chuoni kama hakufanya kitu.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Manal alikuwa amepindua mito na magodoro yote. Shurooq, aliyekuja kula nao, alimsaidia kutafuta.

"Muulize huyo," Shahad akasema, akamnyooshea kidole Shurooq. "Yeye ndiye msomaji wako siku hizi."

"Mimi?" Shurooq akashangaa. "Wallahi, hicho kitabu sijakiona hata jalada lake!"

"Na uzi wa kijani wa nani?"

Manal akakaa kitako sakafuni, akaanza kulia. "Wa Bibi! Utaupata wapi uzi kama ule nyumba hii, Shahad, kama si kwenye kikapu chake cha kofia?"

Shahad akakumbuka. Kweli, ndio uzi ule ule aliokuwa akishonea kofia bibi yao, Bibi Masouda, kabla ya mtoto wa jicho kumtia kiza.

"Namsomea kila alasiri, namgeuzia kwa Kiswahili," Manal akaendelea. "Sikukwambia kwa sababu wewe hunicheka nikikosea Kiswahili. Jumapili anakwenda kufanyiwa operesheni, na ana khofu. Kaniomba ajue mwisho wa Raghad kabla hajaingia. Zimebaki sura mbili, na kitabu hakipo!"

Lo! Aibu ilimshuka Shahad mpaka miguuni. Akaponyoka, akaingia stoo, akakichomoa kitabu na kukificha chini ya nguo yake, akinuia kukirudisha kimya kimya chini ya mto. Lakini njia ilipita mlangoni kwa Bibi.

"Nani huyo anapita na papa?" Bibi akauliza kutoka kitandani.

Shahad akasimama. Uongo ulikuwa tayari ulimini: Mama kanituma papa. Bibi haoni, angeamini. Akayatazama macho yale meupe yaliyomgeukia, na uongo ukamkwama.

"Ni mimi, Bibi. Nilikificha kitabu kwenye papa. Nilidhani Dada kanitupa, kamchukua Shurooq. Nikamsingizia na yeye."

Manal na Shurooq walikuwa wamefika mlangoni, na kila kitu walikisikia. "Shahad!" Manal akapiga kelele. "Nlimshuku Mama, nlimshuku kila mtu!"

"Nisamehe, Dada. Na wewe, Shurooq, nimekudhulumu."

Shurooq akaguna. "Nimekusamehe, lakini usinisogelee. Unanuka!"

Bibi akacheka mpaka akakohoa, kisha akaupapasa mkono wa Shahad na kumvuta kitandani. "Na wewe Manal, ulipomficha mwenzio ulikosea. Angejua, asingekwenda kuzika kitabu. Njoo hapa. Shahad, mjukuu wangu, nna swali. Mlipokuwa wawili mkisoma kitabu kimoja, maneno yalipungua?"

"La, Bibi."

"Nilipoingia mimi wa tatu, yakapungua?"

"La."

"Basi na mapenzi ya dadaako ndiyo hivyo hivyo. Hayapunguki kwa kugaiwa. Yanapungua mtu akiyazika. Wazee walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Haya yangu daktari atayatengeneza Jumapili. Moyo, mwanangu, huna wa kukutengenezea ila wewe mwenyewe, na leo umeanza uliposema kweli. Haya, someni. Nataka kujua kama Raghad kampata kakaake."

Manal akasoma kwa Kiarabu, Shahad akageuza kwa Kiswahili, na Shurooq akasikiliza kutoka dirishani huku ameziba pua. Mwisho wa sura, Shahad akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa: "Hapa nimelia, usinicheke."